Bibi Aliyelia Chini ya Kioo

Wanangu, kila tukikutana kwenye harusi pale Arlington, lazima mmoja wenu aniulize nilikuwa nikifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nikijibu kwamba nilikuwa naosha nyuso za watu, mnadhani nilikuwa na saluni. Wengine mnaguna tu na kurudi kwenye simu zenu. Basi leo nimekaa niwaandikie, maana kusema nanyi uso kwa uso ni kumpigia mbuzi gitaa, na pia kuna uso mmoja ambao sijapata kumsimulia mtu kwa utulivu.

Nilikuwa fundi wa picha za zamani. Sisemi picha za kamera, nasema za rangi na brashi. Zikiingia ukungu, zikiliwa na wadudu, au mtu akizining'iniza juu ya jiko lake la kuni mpaka zikawa nyeusi, zililetwa kwetu tuzitibu. Karakana ilikuwa Fort Worth, nyuma ya duka la fremu, na aliyenifundisha ni mzee mmoja mweusi wa Texas aliyeitwa Otis. Nilikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye ghala la Grand Prairie, na siku moja nilifunga kioo chake cha kale vizuri kuliko alivyotarajia. Akauliza nani kakifunga. Wenzangu wakaninyooshea vidole haraka sana, wakidhani nimevunja kitu. Ndivyo nilivyopata kazi ya maisha yangu.

Somo la kwanza litawachekesha. Dawa bora ya kusafisha picha ya rangi ya mafuta ni mate. Ndiyo, mate ya mtu. Unazungushia pamba kwenye kijiti, unailowesha kinywani, unaipitisha taratibu, uchafu unatoka na rangi inabaki. Ramadhani ya kwanza nikiwa pale, Otis aliniletea picha ya mchunga ng'ombe iliyojaa masizi ya sigara, akashangaa kuona naitazama tu. Nikamweleza kwamba kinywa kimekauka, na hata kisingekauka, kijiti hakiingii mpaka magharibi. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu hapo kila Ramadhani mate yalikuwa yake, mimi nikagonga fremu.

Somo la pili halikuwa la kucheka. Ililetwa picha ndogo, uso wa bwana mmoja, ukubwa wake haufiki kiganja cha mtoto, imefungwa ndani ya kikasha cha dhahabu chenye kioo. Watu wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichorwa hivyo zamani, kabla ya kamera, ili wabebwe mfukoni au wavaliwe shingoni na wanaowapenda. Otis alifungua kioo, akanigeuzia mgongo kidogo, nami kwa bidii yangu ya kijinga nikatia kijiti kinywani. Alinikamata mkono hewani.

"Hiyo ni rangi ya maji," akasema. "Tone moja tu, na huyu bwana hana uso tena."

Akanionyesha taratibu. Usipumulie picha kama hiyo, vaa barakoa. Usiikimbize kutoka joto kwenda baridi. Na usiache alama ya kidole chako popote kwenye kioo, maana alama ya kidole ni mafuta na chumvi, hukila kioo polepole. Ukiiona, ifute papo hapo, hata iwe ya mfalme. Hiyo ya alama aliisema mara nyingi hata nikawa naota nafuta vioo.

Halafu akaniambia kile kibao chembamba kilichopakwa rangi kimetengenezwa na nini. Ni pembe ya ndovu, imekatwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ndiyo maana nyuso zile hung'aa kana kwamba damu inapita. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia kwenye simulizi za misafara, za waliobeba pembe mabegani kutoka bara na za ambao hawakufika pwani. Nilimtazama yule bwana wa Kiingereza na mashavu yake mekundu, amekaa raha mustarehe juu ya jino la kwetu, nikahisi nywele za shingoni zikisimama. Otis aliniona. Akasema pembe haifi sawasawa. Unyevu ukibadilika inajikunja na kujikunjua, na usishangae siku ukimkuta mtu amebadilisha mdomo.

Nilidhani ananitania.

Sasa niwapeleke Houston. Otis alikuwa ameshafariki, karakana imebaki mikononi mwangu, na magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunidai likizo ya milele. Akapiga simu bwana mmoja, Kalvin, akasema shangazi yake ana picha ndogo ya ukoo, na picha hiyo inalia. Alilitamka neno hilo kwa aibu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, vioo vingine vya kale vilipikwa vibaya, chumvi iliyomo hutoka nje, ikakutana na unyevu wa hewa, ikawa matone. Ni ugonjwa unaojulikana. Lakini matone yale ni makali, yakidondoka kwenye rangi yanakula. Nikamuuliza yako wapi. Akasema chini ya macho, yote mawili.

Niliendesha gari peke yangu, ile safari mnayoijua ya Dallas kwenda Houston, malori kulia na kushoto. Kilikuwa kipindi baada ya tufani, umeme umekatika mtaani kwao siku kadhaa bila viyoyozi, na Houston bila kiyoyozi ni chungu cha wali kilichofunikwa. Nyumba ilikuwa kubwa, ya matofali, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Aliyenifungulia mlango alikuwa amevaa sare ya uuguzi na mtandio kichwani. Tulitazamana kidogo tu.

"Hujambo, dadangu," akasema. "Wewe ni wa pwani."

Aliitwa Mwanaisha, mtu wa Mombasa, mhudumu wa mwenye nyumba. Tukasalimiana kwa kirefu pale mlangoni kama tulio uani kwetu, nikamtania kwamba watu wa Mombasa hufika kila mahali kabla ya watu wa Tanga lakini hawafanyi kazi. Hakucheka. Macho yake yalikuwa yamevimba. Na nyumba ile, wanangu, nyumba ya Wazungu wa Texas yenye vichwa vya kulungu ukutani, ilinukia ubani.

Mwenye nyumba aliitwa Loreta. Alikuwa mkongwe, amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha lililofunikwa, na macho yake yalikuwa yamebaki kuona mwanga tu. Picha ilikuwa mezani mbele yake. Kwa kuwa hakuweza tena kuiona, kila asubuhi alimuuliza Mwanaisha, "Averili yukoje leo?" na Mwanaisha alimweleza. Leo ametulia. Leo kama anataka kucheka. Ilikuwa sehemu ya kazi, kama kumpa dawa.

Akanisimulia habari za Ledi Averili, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsengenya jirani. Alikuwa binti wa mwinyi mmoja wa Kiingereza mwenye mashamba na misitu, zama zile za wanawake kujipaka unga kwenye nywele. Akaozwa kwa mtu aliyempita sana umri. Alicheza dansi, alipanda farasi kuliko wanaume, alikuwa gumzo. Kisha ghafla akajifungia upande mmoja wa jumba, mapazia chini, hakutoka tena. Watumishi walikuwa wakimsikia akitembea ukumbini huku na huko, ameikunja mikono kifuani, akiimbia kitu ambacho hakipo. Alikufa hivyo. Ukoo ukasema alikuwa mwendawazimu, tena tasa, na cheo cha mumewe kikaenda kwa shemeji yake. Loreta alitoka katika uzao wa shemeji huyo, tawi lililohamia Texas kufuga ng'ombe.

"Nyuma yake kuna nywele zake za utotoni," akasema. "Ndivyo tulivyoambiwa."

Nikaigeuza. Ni kweli, nyuma ya kikasha palikuwa na dirisha dogo la kioo na kishungi cha nywele nyepesi mno, za rangi ya ufuta, zimekunjwa mduara. Nikaigeuza tena mbele. Mwanamke kijana, shingo ndefu, lesi nyeupe nzito imemfunika kifua, na chini ya kila jicho tone. Nilipoinamisha taa, tone la kushoto likateleza. Midomo ilikuwa imepinda upande mmoja. Mimi ni fundi, nilijua ni pembe imejikunja kwa unyevu. Nilijua kabisa. Hata hivyo niliiweka chini.

Kalvin alikuwepo, kijana mwenye haraka. Alieleza mambo mawili mbele ya kila mtu. Makumbusho fulani yanaitaka picha, kwa sharti iwe kama inavyoonekana kwenye picha zake za kamera za zamani. Na kama ikijulikana kuna mtu ameichezea humu ndani, mtu huyo ataondoka siku hiyo hiyo. Hakumtazama Mwanaisha aliposema hivyo. Loreta alinyoosha mkono akatafuta mkono wangu.

"Usinipotezee uso wake," akasema. "Nimeongea naye tangu nilipokuwa kijana. Sina mwingine."

Mwanaisha alinisindikiza mpaka garini. Nilikuwa nimeleta kisanduku cha barafu cha pikiniki, bila barafu. Msinicheke, hakuna kitu kinachotunza picha ya pembe safarini kuliko hicho, hewa ya ndani haibadiliki. Nikamlaza Ledi Averili mle ambamo kwa kawaida nilikuwa nikibebea samaki. Nilipofunga, Mwanaisha alishika mlango wa gari.

"Dadangu, mimi nilimuona yualia," akasema. "Mama hali chakula, asema vipi atakula na mwenziwe yualia? Nikasoma, nikafukiza. Bado yualia. Nikachukua mrashi wangu nikamnyunyizia marashi, nikampangusa. Ningemwata alie?"

Mnaujua mrashi, wanangu? Kile chombo chenye shingo ndefu cha kunyunyizia marashi ya waridi. Kwetu mwenye msiba hunyunyiziwa na kupanguswa uso, apoe. Mwanaisha alimfanyia mwanamwinyi wa Kiingereza kile ambacho angemfanyia mama yake. Lakini marashi ni maji, na rangi ile ni rangi ya maji. Nilimwambia ukweli, kwamba kama yamepenya chini ya kioo huenda uso umekwisha. Akasema hana kazi nyingine na ana watoto wanaomtegemea Mombasa, lakini hilo hakulisema kunibembeleza. Alichonibembeleza ni kwamba nimrudishie mama yule mwenziwe.

Njia nzima kile kisanduku kilikuwa kikigonga. Tik. Halafu kimya. Halafu tik. Niliweka redio, nikazima, nikaweka Kurani. Pembe inajikunjua, nikajiambia. Niliposimama kununua petroli, jua kali, watu wanakula soseji, niliinamisha sikio. Ilikuwa sauti ya mtu anayegonga kwa ukucha mmoja, kwa upole, kama anayepiga hodi lakini hataki kusumbua.

Siku hizi vijana wana mashine za kupiga picha chini ya rangi, wanajua kilichofichwa kabla hawajagusa kitu. Nami nasema hongera, tumieni mashine. Mimi nilikuwa na taa, kisu chembamba na subira. Nilimwacha apumzike siku kadhaa kwenye hewa tulivu, kisha asubuhi moja nikavaa barakoa na glavu, nikalegeza ukingo wa dhahabu.

Harufu ilitoka kwanza. Marashi ya waridi, yaleyale ya maulidi ya kwetu, kutoka kwenye kifua cha mwanamke aliyekufa Uingereza kabla ya bibi wa bibi yangu kuzaliwa. Machozi yalinitoka, ikabidi nigeuze kichwa yasije yakamalizia kazi.

Uso ulikuwa mzima. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Maji yalikuwa yamepenya kwa chini tu, yakailowesha ile lesi, na lesi ilikuwa imepakwa nzito, rangi juu ya rangi. Ilivimba ikashika kioo. Nilipoinua kioo, lesi yote ikainuka nacho, imeganda kwa ndani. Nikaangalia kilichobaki kwenye pembe.

Vilikuwa vidole. Mkono mdogo wa mtoto mchanga, umetokea chini ya picha, umeshika ukosi wa nguo ya mama. Umechorwa kwa mkono uleule uliochora uso, na ngozi ileile iliyong'aa. Mtu mwingine alikuja baadaye akamfunika kwa lesi.

Nikazikumbuka zile nywele nyepesi nyuma. Nikamkumbuka akitembea ukumbini amekunja mikono. Hakuwa anabeba kitu ambacho hakipo, jamani. Alikuwa anabeba ambacho walikiondoa.

Nilimpigia Kalvin. Akauliza kama lesi inaweza kurudishwa. Inaweza, nikamwambia, nikiwa na kioo kile cha zamani naweza kuihamisha, na hakuna atakayejua. Akasema nifanye hivyo. Nikamjibu kwamba picha ni ya shangazi yake, na kwamba nitaifunika ikiwa yeye mwenyewe ataniambia niifunike. Naam, nilimkasirisha. Nilikuwa mzee, nani angenifukuza?

Nikarudi Houston na kioo kipya, kisicholia, nimekifunga mwenyewe. Loreta aliuliza jambo moja tu, kama uso upo. Upo, nikasema. Ndipo Mwanaisha akapiga magoti kando ya kile kiti, mbele ya Kalvin, akasema yeye ndiye aliyetia marashi, na kwa nini. Kalvin akafungua kinywa. Loreta akainua kidole akamnyamazisha.

"Kwa hiyo katika nyumba zote alizopitia," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kumfuta machozi."

Nikamweleza habari za mkono. Nilieleza polepole, kama Mwanaisha alivyokuwa akimweleza kila asubuhi, vidole vilivyo, vimeshika nini. Alisikiliza bila kusogea. Halafu akauliza mtoto aliitwa nani. Nikasema hakuna ajuaye. Mwanaisha, bado yuko chini, akasema kwamba kwetu mtoto akizaliwa akapumua hata kidogo tu, hupewa jina, hata akifa. Haendi hivi hivi.

Kiyoyozi kikajizima.

"Wangu alilia mara moja," Loreta akasema. "Nilimsikia. Wakamchukua, mume wangu akasema tusimtaje kamwe. Anaitwa Klara."

Kalvin alikuwa hajawahi kusikia. Alikaa kwenye kiti cha karibu akashika kichwa. Hakuna aliyezungumzia lesi tena, wala kazi ya Mwanaisha. Loreta akaniomba nimwonyeshe mkono ulipo, nami, mwanafunzi wa Otis, nikakichukua kidole chake kikavu nikakiweka juu ya kioo, palepale penye vidole vya mtoto. Alikiacha hapo mpaka chai ikapoa.

Mwanaisha aliniambia baadaye kwamba hiyo ikawa desturi ya kila asubuhi. Mama yule hakuuliza tena Averili yukoje. Aliweka kidole, akasema "Klara", kisha akala.

Loreta alipofariki, Kalvin aliileta picha karakana mwenyewe. Akasema inakwenda makumbusho, mtoto akiwa wazi, akaniomba niipanguse tu. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Niliiweka chini ya taa, nikaiona alama mara moja, kule chini, alama ya kidole cha mtu mzima iliyorudiwa asubuhi baada ya asubuhi mpaka imekuwa ukungu mviringo. Nikachukua kitambaa. Nikainamisha taa nione mafuta yamekaa vipi, kama Otis alivyonifundisha.

Chini ya ile alama palikuwa na nyingine. Ndogo sana. Nilipangusa ukingoni kidogo kujaribu, haikufutika, kwa sababu haikuwa upande wangu. Ilikuwa kwa ndani ya kioo, imetazamana na ya Loreta, imebonyezwa kutoka upande ule.

Kioo kile nilikifunga mimi, kipya, kwa glavu.

Nilikunja kitambaa changu. Sikufuta ya nje, na ya ndani sikuifungulia. Niliirudisha picha kwenye kikasha chake, nikazima taa, nikaenda nyumbani Arlington. Mkipita makumbusho yale na shule zenu, mtaiona. Msipumulie kioo. Na yeyote atakayewaambia pale kuna uchafu unaohitaji kusafishwa, mwambieni bibi yenu amesema uachwe.